Nilipomwita Bahati ndugu

Juru, Jumanne

Afadhali ningenyamaza. Karani wa bima kule Mbarara aliniuliza Bahati ni nani kwangu, nikajibu, "Ni ndugu yangu," kama tunavyoitana sisi wote tuliotoka Kivu.

Akaacha kuandika. "Ssebo, bima ya hii shule ya serikali unayojenga ni ya wafanyakazi. Ndugu ya mkandarasi hayuko."

Nikaeleza tena na tena kwamba Bahati ni fundi wangu, alianguka akipiga lipu darasani, akaumia mguu. Akasema niende, watachunguza.

Wakikataa, mguu ule nitautibu kwa kitu gani?

Jioni nikapita kwake. "Uliwaambia mimi ni nani?" akauliza.

"Niliwaambia wewe ni ndugu yangu."

"Aksanti sana, kaka," akasema, sura ikatulia. Yangu bado.