Kwa Somo Yangu Aliyeliacha Jina

Somo yangu mpendwa,

Nilikaa kuiandika barua hii kwa jina lako, nikakuta jina lako silijui tena. Ndiyo maana naiacha wazi, aisome atakaye. Na yeyote atakayeisoma, akiwa anamjua mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Unguja, mrefu, mwenye kucheka huku kaziba mdomo, aliyeondoka mwaka ule wa Mapinduzi, basi amfikishie. Zamani ingetosha kukuulizia kwa jina la Hilda Turner. Sasa hilo jina umelivua, na jipya hukuniambia.

Wenzangu hapa mtaani Mkunazini wananicheka. Wanasema, "Zuhura, mtu kenda zake, mwache." Hawajui kama mimi na wewe tuna deni la desturi, na desturi haifutwi kwa kupanda meli.

Unakumbuka tulivyojuana? Ulikuwa mgeni pale hospitali, hata njia ya kwenda jikoni huijui. Mkuu wa wodi, yule mama wa Kiingereza aliyekuwa akituita sote kwa majina ya mwisho kama askari, alisimama mlangoni akapaza sauti, "Turner!" Wewe ukaitika kwa lugha ya kwenu, na mimi nikaitika, "Naam!" nimeshika ndoo na tambara la kupigia deki. Tukageuka kutazamana. Ulinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, ukaniuliza kwa Kiswahili chako cha kujifunza chuoni, "Jina langu umelipata wapi?"

"Na langu wewe umelipata wapi?" nikakujibu.

Ukacheka. Mimi sikuwa nacheka, lakini uliponiziba na mimi mdomo kwa kiganja chako ili mkuu asitusikie, nikashindwa kujizuia. Baadaye, kwenye ngazi za nyuma, nilikueleza. Babu yangu aliletwa misheni mtoto mdogo, katolewa utumwani, hana jina analolikumbuka. Wamisheni wakambatiza Petro, na jina la pili wakampa la mtu mmoja huko Uingereza aliyekuwa akituma sadaka ya kumlisha babu. Mtu huyo babu hakumwona maisha yake yote. Baba yangu akazaliwa Yohana Turner, akaja kumpenda mama yangu, akasilimu, akawa Yahya. Jina la dini alibadilisha, lakini la baba yake hakulibadilisha, na mtaa mzima wakamwita Yahya Tana, maana ndivyo Turner inavyotamkwa kwetu.

"Basi si sisi tuliotoa hiyo sadaka," ulisema. "Sisi tulikuwa maskini. Baba yangu anagawa barua kwa baiskeli."

Wewe ndiye uliyenifunulia maana ya jina. Ulisema kwenu zamani mtu aliitwa kwa kazi yake, na Turner alikuwa mtu wa kukereza mbao, kuzichonga huku zinazunguka. Nikakuuliza kama babu yako alikereza. Ukasema alikuwa akiuza samaki. Nikakwambia baba yangu anapaka rangi majumba ya watu, na babu alikuwa mpishi wa mapadri. Tukakubaliana kuwa katika ukoo mzima, wenu na wetu, hakuna hata mmoja aliyewahi kukereza japo mwiko.

Ndipo nikakwambia kwamba sisi sasa ni somo. Nilikueleza kuwa kwetu watu wawili wenye jina moja hawaachani hivi hivi tu. Wanapeana, wanatembeleana, wanakaa pamoja kwenye harusi na kwenye msiba, na anayetangulia kufa mwenziwe anamlilia kama ndugu. Uliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu anayekubali chai asiyoitaka. Ulidhani ni maneno ya kupendeza tu. Hukujua kuwa jioni ile nilifika nyumbani nikasema, na nyumba nzima ikasimama.

Mama yangu, Bi. Asha, hakutaka hata kusikia habari za Uzungu wako. Alisema, "Mwenye jina la mume wangu ni mwanangu. Kwisha." Asubuhi akanipa mkate wa kumimina, umefunikwa kwa kitambaa, na doti ya khanga. Ulivipokea ukaona haya mpaka masikio yakawa mekundu, maana wewe hukuwa na kitu cha kutoa. Kesho yake ukaleta sabuni ya waridi. Mama aliiweka kwenye kabati la nguo, na mpaka anakufa hakukubali mtu aitumie.

Lakini siku ninayoipenda zaidi ni ile uliyokuja nyumbani mara ya kwanza. Baba alivaa kanzu yake ya Idi. Alikaa barazani tangu adhuhuri, mtu asimguse asije akaichafua. Ulipotokea kwenye uchochoro, ukamwambia "Shikamoo" kama nilivyokufundisha, akaitika "Marahaba" kisha akawa anaikung'uta kanzu isiyo na vumbi. Nikaona aibu, nikadhani kasahau maneno. Halafu akasema, "Mwanangu, mie tangu utotoni wananicheka kwa jina hili. Waislamu wananambia la kanisani, wa kanisani wananambia nimelichafua. Nkidhani jina lenyewe halina watu. Kumbe lina watu. Karibu kwenu."

Wewe ulilia. Mimi nilikwenda jikoni nikijidai kutazama chai.

Ulizoea haraka. Ulipokuja mara ya tatu mama alikwambia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe hatuna, basi kaa kwenye mbuzi ukune nazi." Ukakaa, magoti yamefika masikioni, ukakuna nazi na ngozi ya vidole pamoja. Mchuzi tuliula hivyo hivyo.

Na ile siku tuliyokwenda Malindi kwa fundi anayekereza matendegu, ile miguu ya vitanda. Ulishikilia twende, unasema si haki watu wenye jina la kazi wasiione hiyo kazi. Fundi alikuwa kakaa chini, mkono mmoja unavuta upinde wenye kamba inayozungusha mti, mkono wa pili na kidole cha mguu vimeshika patasi. Ulipomwambia jina letu na maana yake alifurahi, akakupa patasi ujaribu. Ikakuruka, ikachimba shimo kwenye tendegu alilokuwa karibu kulimaliza. Nilitamani ardhi inimeze. Fundi akalitazama tendegu lake, akatutazama sisi, akasema, "Haya. Jina mnalo nyie, kazi nnayo mie." Tulicheka kutoka Malindi mpaka Mkunazini, na watu wakitushangaa njiani, maana ulikuwa umejifunga khanga vibaya.

Halafu yakaja Mapinduzi. Sitaki kuyaandika hapa, wewe ulikuwapo. Waingereza wenzako wengi waliondoka siku zile zile, wewe ukabaki miezi kadhaa kwa sababu wodi haikuwa na watu na kina mama hawakuacha kuzaa. Baba alikuwa keshaanza kukohoa. Alikufa masika, mvua inapiga bati usiku na mchana. Sikukutumia habari. Niliona dunia imegeuka, Mzungu kukaa msibani kwa watu pengine itakuletea maneno. Ukaja mwenyewe, umetoka zamu na viatu vimelowa, umejitanda khanga aliyokupa mama. Ukaingia kwa wanawake, ukakaa mkekani ubavuni mwangu.

Watu waliokuja kutupa pole walifika kwako wakasita. Mama akawaambia, "Na huyo mpeni pole, mfiwa." Wakakupa. Hukujua kuitika. Mama akakunong'oneza, na tangu hapo kila aliyekwambia "Pole" ukamjibu "Nshapoa," machozi yanakutoka, hujapoa hata kidogo. Ulirudi kila siku mpaka tukamaliza hitima. Nimezika watu wengi tangu wakati huo, lakini sijamwona tena mtu aliyemlilia baba yangu hivyo bila ya kuwa na damu yake.

Ulipoambiwa kazi yako imekwisha na uondoke, nilikusindikiza bandarini. Hatukukumbatiana, kulikuwa na watu. Ulinishika mikono yote miwili ukasema, "Zuhura, nani sasa ataniita somo?" Nikaichomoa mikono yangu. Nilikuwa na hasira na wewe, kana kwamba wewe ndiye uliyejifukuza.

Uliandika, nashukuru. Ulisema unafanya kazi hospitali ya mji wenye bandari, kuna baridi, na umejaribu kupika mchuzi wa nazi ukashindwa. Nikajibu. Kisha barua zako zikakoma, na zangu zikaanza kunirudia, na alama ya posta kwamba mtu wa jina hilo hayupo. Nililia kidogo, nikajipa moyo kuwa posta za mbali zina mambo yake.

Sasa nikwambie hali yangu, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Mume wangu, yule uliyekuwa ukimwita Bwana Koti, aliniacha akaenda bara na mke mwingine. Watoto Mungu hakunipa. Nyumba za jirani zetu nyingi zimefungwa makufuli, wenyewe wameondoka na hatujui kama watarudi. Jioni wakati wa kufunga nyumba nasikia mlango wangu tu. Mama alifariki mwaka juzi. Nilikaa mkekani na majirani, wema kabisa, lakini ubavuni mwangu palikuwa wazi na nilipaacha wazi makusudi. Mtu akitaka kukaa hapo nilimwambia pana mwenyewe.

Siku hizi vyakula ni vya foleni. Karani wa duka anatuita kwa majina na kuuliza kila nyumba ina watu wangapi. Nikifika anasema, "Tana?" Nami nasema, "Mmoja." Kwa Unguja nzima ndiyo hivyo, somo. Tana mmoja. Nilikuwa nikijiliwaza kwamba kisiwani niko peke yangu, lakini duniani tuko wawili.

Mpaka aliporudi Makame. Makame ni jirani, mtu wa Tumbatu, baharia kwenye meli za mbali. Safari hii meli yake ilikuwa ipite mji wako. Nilimwomba akuulize hospitalini. Alipofika hapa hata koti hakuvua.

"Nshakwenda, Bi. Zuhura. Wanamjua. Mzima, kaolewa, kahamia kwengine."

Nikapiga kigelegele pale pale, wala hakuna mwanamke wa kunipokea. Halafu nikamuuliza, "Barua zangu jee?"

"Barua zako zinaandikwa Turner. Yeye si Turner tena. Kwao mwanamke akiolewa anachukua jina la mume."

Nilijua, somo. Si mjinga mimi, nimefanya kazi na Waingereza. Lakini kujua jambo la watu ni kitu kimoja, na jambo hilo kukufika ni kitu kingine. Nikamuuliza hilo jina jipya ni lipi. Akakuna kichwa. "Nilitajiwa, wallahi, mara mbili. Halijakaa. Ningelijua utaniuliza ningeliimba njia nzima."

Sikumlaumu. Nimeishi na jina la Kizungu maisha yangu yote, najua linavyoteleza.

Siku za mwanzo nilikukasirikia sana. Nilisema, huyu bwana ana nini hata amvue mtu jina? Kwetu mume huleta mahari, hachukui jina. Mimi niliolewa nikiwa binti Yahya Tana, nikaachika nikiwa binti Yahya Tana, wala mwanamume hakuthubutu kuniuliza kwa nini. Baba yako ana makosa gani? Kagawa barua za watu miaka yote kwa baiskeli, leo barua ya binti yake haifiki kwa sababu jina lake limetupwa. Niliyasema hayo kwa sauti, na hakuna aliyenijibu, nikapoa. Pengine ni mtu mwema. Pengine anajua kukuna nazi. Nakuombea uwe na furaha, na nasema kweli.

Lakini kuna jambo moja linaloninyima raha, na hili ndilo lililonikalisha kuandika. Nakumbuka ulivyokaa pale kwa baba yangu. Hilo nalo nina wajibu wa kulilipa. Sina nauli ya kuja kwenu, na hata ningekuwa nayo, ruhusa ya kutoka kisiwani si ya kuomba leo ukapata kesho. Ninachoweza ni kutandika mkeka hapa hapa Mkunazini, nikaita wanawake, nikawaambia somo yangu kafa. Watakuja. Wanakukumbuka. Lakini nitajuaje? Makame akiniletea habari kuwa kafa mama mmoja muuguzi, akanitajia jina geni, nitasema Mungu amrehemu, nitaendelea kuchambua mchele wangu. Nitakuwa nimekupita njiani kama nisiyekujua. Pengine nshakupita tayari, na hicho ndicho ninachokiogopa ninapolala na ninapoamka.

Mimi wala si taabu kunipata. Sijahama, sijabadilika. Ukitaka kujua kama niko hai, mwambie yeyote anayekuja Unguja aulize jina alilokupa baba yako, ataonyeshwa mlango wangu.

Kwa hiyo sikuombi barua ndefu. Sikuombi zawadi, wala picha ya huyo bwana. Huna haja ya kunieleza kwa nini ulinyamaza. Chukua kipande cha karatasi, uandike jina unaloitwa sasa, utie posta. Nitajifunza kulitamka. Nitalitaja kila siku lisinitoke. Nataka tu nijue, siku hiyo ikifika, ni nani ninayepaswa kumlilia.

Kwa mapenzi na kwa upweke usiofichika,

Ni mimi somo yako,
Zuhura binti Yahya Turner, wa Mkunazini