Kiko Kwenye Mto Wangu

Tuomo,

Supu ya samaki iko kwenye friji, ipashe polepole maziwa yaliyomo yasikatike. Mbwa hajatoka. Kuni za bafu la sauna upasue mwenyewe.

Gari limegoma asubuhi. Nimekuja kukuuliza mbona waya wa umeme wa kupasha injini joto usiku haujachomekwa, na wewe kutoka ndani ya blanketi: "Wa nini tena, mke wangu? Si tuna kifaa cha kubusti betri!" Ukageukia ukutani, ukaendelea kukoroma.

Kifaa chenyewe umekiacha garini usiku kucha, kwenye baridi hii ya kupasua midomo. Nimekibonyeza, kikawasha tochi, basi. Dukani nilikuambia gari letu ni la dizeli, chagua chenye nguvu. Ukachagua chenye tochi ya rangi tatu.

Jirani Veikko ametubusti kwa gari lake, lakini zamu ya Mama ya kupasuliwa jicho imeshapita. Nilipompigia alikuwa amekaa mlangoni na koti lake, akiningoja nimpeleke hospitali. "Haidhuru, mwanangu," akasema, "nitasubiri tena." Amesubiri tangu kiangazi, Tuomo.

Naenda kukaa naye. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi nikijisikia.

Kile kijitabu ambacho hukukifungua nimekisoma mimi. Kinasema kifaa kisiachwe kwenye baridi, na hata kama hukihitaji, ukikumbuke mara mojamoja, ukichaji. Ndiyo maana umeamka nacho ubavuni, kwenye mto wangu. Kifunike vizuri.

Mimi baridi nimeshaizoea.

Mkeo,
Raili