Bihogo Hauzwi

Baba,

Bihogo hajauzwa. Nakuambia hilo kwanza, maana najua huko uliko hiyo ndiyo habari unayoingoja, si habari zetu sisi.

Matanga hata hayajaisha, baba mdogo akaja kutoka Akalla, koti lako alilorithi liko mabegani, akaketi kwenye kiti chako. "Ng'ombe huyo auzwe. Kaka hakuacha mtoto wa kiume, na kwetu mwanamke hakamui, hasifu ng'ombe, wala hashiki kamba yake." Kwetu wapi, Baba? Wewe mwenyewe ulinikalisha chini ya mama yake Bihogo, hapa hapa Uswidi, kwenye banda letu la Hässelby, nikiwa bado na meno ya utoto. Ukasema, "Kamua, mwanangu. Kiwele hakiulizi mkono ni wa nani."

Mimi sikunyamaza. Nilimwambia baba mdogo kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye, na nikampeleka Bihogo kwenye maonyesho ya mifugo.

Unakumbuka mwaka wetu wa kwanza pale? Wafugaji wenzako Waswidi wamevaa nguo nyeupe, wanazungusha ng'ombe wao kimya kabisa, na wewe umeinua mikono juu mfano wa pembe, unamsifu ng'ombe wako kwa sauti yote uliyopewa na Mungu. Jaji akaja kukuomba utulie. Ukamwitikia kwa heshima, kwa Kiswidi, "Ja, ja," yaani ndiyo, ndiyo, kisha ukaanza upya, tena kuanzia kwa bibi yake huyo ng'ombe! Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani.

Safari hii nilivaa shati lako jeupe, mikono yake nimeikunja. Tulipofika katikati ya uwanja, Bihogo akasimama. Nikavuta. Wapi! Masikio ameyatega, anakungoja wewe. Nilikukasirikia, Baba. Nilikukasirikia kwa kufa ukatuacha. Jaji ananiashiria nivute kwa nguvu, na kule kwenye uzio baba mdogo amesimama na mnunuzi wake, anatikisa kichwa.

Nikalegeza kamba. Nikainua mikono. Nikayasema yote, tangu bibi yake, maneno yako bila kuruka hata moja, na sauti ilipokatika nilianza tena. Jaji akanisogelea akiniomba ninyamaze. "Ja, ja," nikamwambia.

Na Bihogo akatembea. Baba, akatembea!

Utepe wa ushindi hatukupata, walituweka wa mwisho. Mnunuzi alisema hana haja na ng'ombe asiyetembea mpaka asifiwe, akaenda zake. Baba mdogo hanisemeshi hadi leo, na anune tu. Koti nimemwachia, ng'ombe hampati.

Bihogo ana mimba. Akizaa, sifa za ndama nitazitunga mwenyewe, maneno mapya, yenye theluji ndani yake na jina lako ndani yake. Mwaka ujao nitayasema katikati ya uwanja ule ule, watake wasitake.

Pumzika, Baba. Kelele niachie mimi.

Mwanao,
Kaneza