Kamba ya Bibi Hajira

Fatu, nimemliza bibi Hajira. Nimemwomba kamba ya kuanikia nguo tu, akaangua kilio!

Kumbe mwaka 1974, walipokwisha kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, yeye na kaka yake Mbaruku walirudi mahameni kwao Magoma kurina asali jabalini.

Mbaruku alikuwa katikati ya jabali, kamba ya kupandia ikamponyoka. Akawa anaipapasa. Hajira, kule chini, akaona nyoka karibu na vidole vya kaka yake.

Kwao porini nyoka hatajwi jina, huitwa kamba. Akapiga kelele, "Kaka, kamba! Kamba!"

Kamba, Fatu! Mbaruku akadhani anaonyeshwa kamba yake. Akamshika nyoka.

Alikufa kichwa kikiwa mapajani mwa Hajira, akiuliza, "Si ulisema kamba, mdogo wangu?"