Kadi za Salim

Jumatatu, 1 Juni 1998

Kadi arubaini leo. Thelathini na moja najua, tisa sijui. Kwinini huvumisha masikio. Tetrasaiklini asipewe mja mzito wala mtoto mdogo, huharibu meno. Hii ya tetrasaiklini nimeikosa mara ya tatu. Najiona mjinga.

Siku ya themanini na tano ya eda. Bila wanja, bila uturi, bila dhahabu. Chumba hiki cha juu, mtaa wa Kuze, na dirisha linalotazama ukuta wa msikiti. Mama mkwe chini, akipika na kupokea wageni.

Eda itaisha katikati ya Julai. Mtihani wa leseni ya dawa ni tarehe thelathini mwezi huu, Ganjoni. Nikiukosa, ni mpaka mwakani, na mwenye duka la dawa kule Bondeni hataningoja. Alishasema anataka mtu mwenye leseni kaunta. Miaka sita nimemfungia watu vidonge kwenye bahasha. Sijamwambia mtu kwamba nataka kwenda kufanya mtihani nikiwa edani. Hata kuandika hapa naona haya.

Jumanne, 2 Juni

Nimekipangusa kidude kwa kanga. Ni kompyuta ya kiganjani, ukubwa wa pakiti ya sigara, na kalamu yake ya plastiki. Mume wangu Salim alininunulia Singapuri. Alikuwa fundi umeme wa meli, na ofisa mmoja wa melini alimtilia programu ya kadi. Likizo yake ya mwisho alilala chali wiki mbili, kitabu changu kifuani, akiziandika. Kadi mia tatu na kumi.

Swali latokea. Wajibu kimoyomoyo. Wagusa, jibu latokea, kisha wajihukumu mwenyewe. Ukibonyeza "najua", kadi yaenda zake, huioni kwa wiki, baadaye kwa mwezi. Ukibonyeza "sijui", yarudi kesho. Hakuna wa kukusimamia. Salim alisema kina adabu kuliko mwalimu yeyote, kwa sababu hakikuoni ukidanganya.

Jumatano, 3 Juni

Kadi ya chai imetoka.

Aliichomeka katikati ya dawa za minyoo ili anichokoze. Swali: Chai i wapi? Jibu: Yaja. Mara ya kwanza nilicheka nikaenda jikoni kumletea. Tangu afe naibonyeza "sijui" kila siku. Nikibonyeza "najua" nitaikosa mwezi mzima. Ndiyo kadi pekee ninayoidanganyia.

Na iko moja aliyoikosea. Streptomaisini, madhara: macho. Si macho, ni masikio. Macho ni ya ethambutoli. Alizichanganya. Nimeiacha vile vile. Kufuta neno lake moyo haukubali.

Ijumaa, 5 Juni

Kadzo amekuja baada ya kazi. Tuko naye duka moja, yeye ni wa Kaloleni, Mkristo, na hajakosa kunitembelea hata wiki moja. Ameniletea namba yangu ya mtihani, niliojiandikishia kabla ya msiba, na betri mbili nyembamba. Betri za kidude zilikuwa karibu kwisha.

Kuzibadilisha kwanitia kiwewe. Salim alinionya: ukizitoa, una dakika moja kutia nyingine. Ikipita, kila kitu kimefutika. Kadzo alihesabu kwa sauti, mimi nikatia. Alipofika kumi na nane tulikuwa tumemaliza. Kadi zote zipo.

Shangazi yake Salim alipita mlangoni tukiwa tumeinamia. Hakuingia. Yeye huwa haachi kuingia.

Jumapili, 7 Juni

Nimemwambia Mama, mamake Salim. Nilishuka baada ya adhuhuri, nikamkuta akichagua mchele, nikasema yote kwa pumzi moja. Mtihani, Ganjoni, mchana tu, nitarudi.

Hakupandisha sauti. Angalipandisha ningalipata la kujibu.

"Mwanangu, mwenye eda hatoki. Mimi nalikaa. Mamangu alikaa. Watu watasema tumemsahau Salim hata kaburi halijakauka."

Nikapanda juu. Kadi sitini, kwa hasira. Arubaini na tano najua. Hasira yasaidia.

Jumanne, 9 Juni

Sasa naelewa kwa nini Shangazi hakuingia. Anatangaza mtaa mzima kwamba mjane wa Salim ana simu ya mkono. Ameiona kwa macho yake, ndogo, nyeusi. Na kwamba namwandikia mwanamume kwa kalamu, naye hunijibu pale pale kwenye kioo.

Hajawahi kuona simu ya mkono ila kwa tajiri mmoja wa magari, tena kwa mbali. Ningalicheka kama jina si langu. Mama hajaniuliza lolote. Ameleta chakula, akaangalia mto wangu, akashuka. Kidude kilikuwa chini ya mto.

Sikumweleza. Nilikuwa bado nimemnunia kwa ajili ya mtihani. Mwache aulize mwenyewe, nikasema.

Alhamisi, 11 Juni

Zimekwenda. Zote.

Asubuhi kidude hakikuwapo chini ya mto. Nimekikuta adhuhuri kwenye kabati la vyombo, kimefungwa ndani ya leso. Mgongo wazi, betri hazimo. Zilikuwa kwenye mkebe wa kahawa. Mama alikichukua jana nilipokuwa chooni nikitawadha. Jana. Dakika ngapi hizo.

Nimetia betri. Kikawaka. Kikaniuliza leo ni siku gani, mwaka gani. Hakijui lolote. Hata programu yenyewe haimo.

"Nalidhani ni simu," Mama akasema. "Nikasema nikikitoa roho, hutozungumza na mtu, na maneno yatakwisha."

Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika. Moja nitaliandika, ili nisijidanganye baadaye kwamba sikulisema. Nilimwambia amemzika mwanawe mara ya pili. Nikamweleza kadi ya chai, neno kwa neno, na vile nilivyokuwa naibonyeza. Nilitaka imuume. Imemuuma. Alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, mikono juu ya kichwa.

Ijumaa, 12 Juni

Sikusoma. Sikula.

Jumapili, 14 Juni

Nyumba kimya. Nje watoto wanashangilia kombe la dunia kwenye televisheni ya jirani. Namchukia Shangazi. Namchukia Mama. Nimemkasirikia hata Salim, kwa kuyaweka maneno yake kwenye kitu kinachokufa kwa kutolewa betri.

Nilijaribu kuandika kadi upya kwenye daftari. Nimefika kumi na mbili nikatupa kalamu. Daftari halifichi jibu. Jicho latangulia. Na ya kumi na tatu ilikuwa ya chai.

Zimebaki siku kumi na sita. Kwenda siendi. Sasa na kujua pia sijui.

Jumatatu, 15 Juni

Mama amepanda ngazi, yeye na magoti yake. Ameingia na sinia. Juu ya sinia hakuna chakula. Kuna maboksi ya biskuti na ya majani ya chai, ameyakata kwa mkasi vipande sawasawa, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Vingi. Sijui alianza lini kukata.

Akaniwekea kalamu mbele yangu.

"Andika. Lakini kwa herufi za chuoni, nipate kusoma."

Mama hajui herufi za Kizungu. Alisomeshwa chuoni, kwenye madrasa, msahafu na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na barua zote za Salim kutoka melini zilikuja hivyo. Mimi pia nilisoma chuo, ila mwandiko wangu wa Kiarabu ni wa kuku.

Sikutaka kumsamehe. Lakini vipande vilikuwa sawasawa sana. Nikaandika. Upande huu swali, upande huu jibu. Parasitamoli. Kwinini. Alikaa kando, akinirekebisha nukta. Hamsini na tano kabla ya alasiri.

Ijumaa, 19 Juni

Nimekumbuka mia mbili na sabini na moja. Nilidhani ziliishi ndani ya kidude, kumbe nyingi zilikuwa kwangu. Zilizobaki Kadzo amezitoa kitabuni.

Ya streptomaisini nimeiandika sawa. Masikio. Nilijisikia kama nimemsaliti.

Ya chai sikuiandika.

Kila siku baada ya alasiri Mama hutandika mkeka, huvaa miwani, huniuliza. Majina ya dawa huyasoma kama anayesoma dua, taratibu, kila herufi haki yake. Kidude kilikuwa na adabu, lakini Mama hadanganyiki. Nikisita, huiweka kadi kwenye fungu la sijui, lile la kurudiwa kesho, kabla sijafungua mdomo.

"Nalikuwa najua," nikasema leo.

"Ulikuwa watafuta," akasema, na hakuirudisha.

Jumanne, 23 Juni

Mama ameenda kwa mwalimu wa chuo bila kuniambia. Amerudi, akavua buibui, akanywa maji kwanza. Kisha akasema: mwenye eda aweza kutoka mchana kwa haja yake, bila kujipamba, na alale nyumbani kwake. Kazi ni haja. Na Mama atanisindikiza.

Nilimuuliza mamake yeye alikaaje basi miezi yote bila kutoka.

"Mamangu hakuwa na mtihani."

Shangazi alikuja jioni kusema neno. Niliwasikia kutoka ngazini. Alisema mjane kutoka ni fedheha, na kwamba ile simu ndiyo imenipotosha. Mama alimjibu kwamba simu pekee iliyomo nyumba hii ni ulimi wake yeye Shangazi, na kwamba kwa simu hiyo yeye Mama amefuta maneno ya mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Shangazi hakumaliza kahawa.

Sikujua kwamba alikuwa akilibeba hivyo.

Jumatatu, 29 Juni

Sijui kumi na nne tu. Mama amezifunga kwa uzi mwekundu, peke yake. Nina hofu.

Jumanne, 30 Juni

Tulitoka saa moja na nusu asubuhi. Jua liliniuma macho. Miezi mitatu na zaidi sijaona barabara. Ile mitaa yetu yote ilikuwa na watu, na watu wote walikuwa na macho. Mama alinishika mkono kama anayempeleka mtoto darasa la kwanza, na aliamkiana na kila mtu, kwa kituo, akiuliza hali na za nyumbani, mpaka hakubaki mtu wa kudhani tunajificha. Teksi tulipanda kule barabarani.

Ukumbi wa shule, feni nne, moja haizunguki. Watu kama sitini. Mimi peke yangu mwenye nguo za eda.

Swali la kumi na moja lilikuwa streptomaisini. Mkono uliandika macho. Niliutazama ukiandika. Nikakata, nikaandika masikio. Kisha nilikaa sijui dakika ngapi siwezi kuandika kitu kingine, na saa ya ukutani yaenda. Maswali mawili ya mwisho sikuyamaliza vizuri.

Nje Mama alikuwa kwenye benchi la mlinzi, mfuko wa kadi mapajani. Hakuniuliza kama nimeweza.

"Ya minyoo walikuuliza?"

"Waliniuliza."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Tulifika nyumbani kabla ya adhuhuri. Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi.

Jumamosi, 25 Julai

Eda imekwisha siku kumi sasa. Nimeshazoea wanja tena. Siku ya kwanza nilijichafua shavu.

Kadzo amekuja mchana. Matokeo yamebandikwa, na amelinakili jina langu kwenye kipande cha karatasi ili nisidhani ananipoza. Nimepita. Jumatatu nasimama kaunta. Kadzo alicheza katikati ya sebule. Mama alisema alhamdulillahi, akaendelea kuchagua mchele, ila naona alikuwa akitupa chuya na mchele pamoja.

Baada ya alasiri nilizikusanya kadi zote, nikazifunga kwa uzi. Nikamwambia Mama sasa hazina kazi, tuziweke kabatini pamoja na kidude.

Alitandika mkeka. Akafungua uzi, akavaa miwani, nami nikakaa mahali pangu. Kwinini. Masikio. Tetrasaiklini. Meno. Zote kwenye fungu la najua, hajaweka hata moja upande wa pili. Tukafika dawa za minyoo. Tukazimaliza tatu. Ya nne ilikuwa kadi nisiyoiandika mimi. Kipande cha boksi la majani ya chai, mwandiko wake, herufi kubwa kubwa.

Aliisoma kama anavyosoma zote, taratibu.

"Chai i wapi?"

"Yaja," nikasema.

Akaitazama kidogo. Akaiweka kwenye fungu la sijui.