Lengalenga Yenye Kitambaa

Mama,

Niko na kasirani, na niko nayo juu yako. Leka nikuambie sasa, mbele nianze kulia na barua ibakie nusu.

Unakumbuka zile chupa za mbegu ulitundikaka juu ya babula ya makala, zipate moshi, badudu basikaribie? Basoda na bunduki zabo balipora kartie yetu, nyumba kwa nyumba, mu baridi hii, bakachukua zote. Habakutaka mbegu, Mama. Chupa! Mbegu za mboga, za ngai-ngai, za maboke, balizimwanga mu lupango, inje ya mulango, kuku bakakula. Nilisimama tu vile, nikiangalia.

Kulibakia mboga moja tu ya lengalenga, ile nyekundu ulitoa kule Lukafu ukiwa bibi-arusi. Ilikuwa mu bustani ya Kasapa, na kitambaa ulifunga mwenyewe mbele ya ugonjwa ule ulikubeba. Tangu butoto tulijua: yenye kitambaa haiguswi, hata njala iingie mu nyumba. Ulisemaka, "Ile ni ya mwaka kesho. Ya leo iko kando." Sasa, Mama, kama kando hakuna kitu? Juu ya nini ulifunga moja tu?

Kazi ya bwana yangu ilikufa. Batoto balilala njala siku mbili. Nikaenda na kisu. Nilifungua kitambaa, nikakata shina pa urefu wa goti, nikapika. Mujukuu wako mukubwa akaniuliza, "Mama, hii haiko ile ya nkambo?" Nilimutuma maji. Mboga ilikuwa tamu, na ni ile ndiyo inaniuma.

Juma lililopita nilirudi kungoa shina. Limetoa matawi matatu, na yote matatu iko na maua. Ulisemaka lengalenga ukiikata inakasirika, inazidi. Sikukusikilizaka. Nilikaa chini mu budongo nikalia, nikakutukana kidogo pia. Unisamehe.

Kitambaa chako kilikuwa kingali mu mufuko wangu. Nilikipasua vipande tatu, nikafunga kila tawi. Mbegu zikikauka, nitaziweka mu majivu, mu kopo ya maziwa yenye kutu, ile mwizi hataitamani. Itakaa juu ya babula, pa musumari wako.

Lala muzuri, Mama. Kesho batoto bakiniuliza tutakula bukari ya mahindi na nini, nitabajibu: na chumvi.