Toka kwa Ng'ombe, Uje Mezani

Baba Nduta,

Chai iko kwa chupa. Githeri ~~utajipikia~~ iko kwa sufuria, pasha tu. Suti nimepiga pasi.

Leo kanisa inakurudisha kwa Meza ya Bwana, na wewe umejificha kwa ng'ombe tangu asubuhi, ati utaenda siku utajiona msafi. Huyo ng'ombe umeshamkamua mara mbili! Ndio, ulilewa harusini kwa Wambugu. Si ulitubu mbele ya wazee wote? Kama ungekuwa msafi, neema ungeitakia nini?

Mimi bado nimekasirika, sikufichi. Lakini anayekuita ni Mungu, kwa hivyo usingoje nipoe. Nitaweka Biblia kwa kiti kando yangu. Mtu akijaribu kukaa hapo, tutakosana.

Mama Nduta